Vielezi vya Kiingereza visifundishwe kwa neno moja la "kijinga"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie karatasi za Kiingereza zinazouzwa kwenye maduka ya fotokopi, Unguja na Pemba, ambazo wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wanazihifadhi neno kwa neno. Ndani yake mna orodha ya vielezi vya mtu aliyetenda jambo bila ya kutumia akili: foolishly, stupidly, rashly, recklessly, carelessly, thoughtlessly, unwisely, senselessly, absurdly. Mbele ya vyote pameandikwa neno moja tu, kijinga. Mwanafunzi anayeingia na orodha hiyo kwenye chumba cha mtihani hujaza pengo kwa neno lolote linalomjia, akakosa alama asijue amekosea wapi.

Waingereza hawayatumii maneno haya kwa kubadilishana, kwa sababu kila moja linataja kasoro yake. Tumchukue nahodha anayevusha watu kutoka Mkoani kwenda Makoongwe. Akitweka tanga mbiombio kabla hata ya kuitazama bahari, ameondoka rashly: kosa lake ni pupa, na lau angesubiri kidogo pengine asingeondoka. Akiwa ameona kusi limechachamaa, wenziwe wamemkataza, naye akaondoka vivyo hivyo, hapo ni recklessly: hatari anaijua na haijali. Bahari ikiwa shwari lakini yeye hakukagua kamba wala hakutazama kama ngama ina maji, ni carelessly: umakini ndio uliokosekana. Akikaa, akapima upepo na maji, kisha akaamua vibaya, ni unwisely: haraka hakuwa nayo, busara ndiyo iliyompungukia. Na akiwaacha wazee walowe mvua ilhali turubali analo, hiyo ni thoughtlessly: hakuwafikiria wenziwe. Kwa Kiswahili tunayo maneno ya yote haya: kwa pupa, bila ya kujali hatari, kizembe, bila ya busara, bila ya kuwafikiria wengine. Sioni kwa nini tuyaache yote tubaki na kijinga.

Tena neno kijinga lenyewe si mahali pake hata kwa foolishly. Mjinga kwanza ni asiyejua, mgeni wa jambo. Akifunzwa, ujinga humtoka. Anayetenda foolishly ana akili zake timamu, ila safari hii hakuzitumia. Kinachokaribia ujinga wa asiyejua ni naively, neno la mtu aliyeamini kila analoambiwa kwa kuwa ulimwengu bado hajaufahamu, nalo kwenye orodha halimo. Stupidly ni kali kuliko foolishly, na mwanafunzi asithubutu kuliandika kwenye barua rasmi. Senselessly huenda zaidi na ukatili au uharibifu usio na sababu, kama kuvunja madirisha ya skuli. Absurdly mara nyingi hukaa mbele ya sifa: absurdly cheap ni rahisi kiasi cha kutoaminika. Aliyefasiri "rahisi kijinga" hajafasiri kitu.

Jambo linalowaangusha wengi zaidi, na karatasi hizo haziligusi kabisa, ni mahali pa kukiweka kielezi. Tazama sentensi hizi mbili: "He foolishly answered the question" na "He answered the question foolishly." Maneno ni yale yale, maana ni mbili. Katika ya kwanza, kosa ni kule kujibu. Angenyamaza ingekuwa bora, na jibu lenyewe huenda lilikuwa sahihi kabisa. Katika ya pili, kujibu hakuna ubaya, jibu ndilo lililokuwa la kipumbavu. Kielezi kikikaa kabla ya kitendo, au mwanzoni mwa sentensi na mkato baada yake, msemaji anatoa hukumu yake juu ya uamuzi wa mtu. Kikikaa mwishoni, kwa kawaida kinaeleza namna kitendo kilivyofanyika. Njia ya kuhakikisha ni kuigeuza sentensi: kama inakubali kusemwa "It was foolish of him to answer", basi kielezi kinahukumu uamuzi. Kwa Kiswahili tungesema "Alifanya upumbavu kulijibu swali" kwa ile ya kwanza, na "Alilijibu swali kipumbavu" kwa ya pili. Tofauti hii tunayo tayari vinywani mwetu, ni kuionyesha tu ubaoni.

Katika maswali ya kujaza pengo, jibu hufichwa ndani ya sentensi yenyewe. Ikiandikwa "Although he had been warned", mtu ameonywa, hivyo tafuta recklessly. Ikiandikwa "without waiting to hear the price", mnunuzi wa kiwanja hakusubiri hata kutajiwa bei, hivyo ni rashly. Mwanafunzi afundishwe kuitafuta dalili hiyo na kuipigia mstari kabla ya kuchagua neno.

Tahajia nayo inakula alama. Carelessly na recklessly zina s mbili kisha ly, na wengi huacha s moja. Wengine huandika wrecklessly kwa w. Reck ni neno la kale lenye maana ya kujali, halina w. Lenye w ni wreck, chombo kilichovunjika au kuzama. Hasty huwa hastily, irresponsible huwa irresponsibly, idiotic huwa idiotically. Silly ni sifa ingawa mwisho wake ni ly. Kwa kielezi waandike in a silly way.

Na gazeti lako, Mhariri, linaweza kusaidia. Habari za ajali za barabarani zinapofasiriwa kutoka Kiingereza, careless na reckless zote hugeuzwa uzembe. Kwa mtu anayeshitakiwa, tofauti hiyo si ndogo. Katika lugha ya sheria ya Kiingereza, careless ni dereva aliyeshindwa kuwa na uangalifu unaotarajiwa kwa dereva wa kawaida; reckless ni aliyejitia hatarini na kuwatia wenziwe kwa kutojali. Uzembe uachiwe wa kwanza. Wa pili aandikwe kuwa ameendesha bila ya kujali hatari, hata kama kichwa cha habari kitarefuka kidogo.

Kwa walimu wenzangu: kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha maneno matatu au manne, si tisa. Anza na kisa kimoja, waulize wanafunzi kasoro iko wapi, iwe ni haraka, kutojali, kutotazama au kupima vibaya, waitaje kwanza kwa Kiswahili, ndipo uandike neno la Kiingereza. Kisha waandike sentensi mbili kwa kielezi kile kile, kimoja kabla ya kitendo na kimoja mwishoni, wazieleze tofauti. Inadvertently isichanganywe na kundi hili, kwa sababu maana yake ni bila ya kukusudia tu na haimshutumu mtu kwa lolote.

Wenye kuandika karatasi hizo nao hawana haja ya kuzitupa. Waongeze safu mbili: moja ya kasoro inayotajwa na kila neno, nyengine ya sentensi moja kamili ya mfano, na neno kijinga walifute mbele ya yote tisa.

Mwalimu wa Kiingereza,
Chake Chake, Pemba