Makadirio yaanzie kwenye daftari la stoo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makadirio ya ujenzi. Nimetunza stoo za miradi ya vijiji huku Kigoma kwa miaka kumi na moja, na jambo hili linaniuma.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa madarasa mawili katika kijiji cha mwambao, kaskazini, ukishapita Gombe. Makadirio yalikuja na bei ya saruji ya dukani mjini pamoja na nauli ya gari. Gari gani? Mfuko unapanda kirikuu hadi mwaloni Kibirizi, unapakiwa kwenye boti, na kule unakoshuka hakuna gati: vijana wanaubeba kichwani, maji yamewafika kiunoni, ndipo wapande nao mlima hadi saiti. Kila hatua ina mtu wa kulipwa. Siku moja ziwa lilichafuka, mifuko 14 ikalowa na kuganda kama mawe. Fedha zilikwisha kuta zikiwa usawa wa lenta. Msimu mzima wa mvua watoto walibanana darasa moja, huku yale mapya yakinyeshewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gharama hizo zote zilikuwa zinajulikana. Miaka miwili kabla, zahanati ilijengwa kijiji cha jirani na stoo nilishika mimi: nauli ya boti, ujira wa wabebaji, mifuko iliyoharibika, vyote niliandika. Mkaguzi aliona daftari, akatia sahihi, likaingia kwenye boksi. Aliyekadiria madarasa hakuliuliza.

Wapo wanaojua bei halisi lakini wanaandika ndogo, wakihofia kwamba wakiandika kubwa mradi utakwenda wilaya nyingine. Siwalaumu sana. Ofisi inayomnyima fedha msema kweli inawafundisha watu kuidanganya.

Kukosea huku hakuko kwetu tu. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia mwaka 1957. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102. Uingereza, katika mwongozo wa Hazina wa mwaka 2003, waliagiza makadirio yaongezewe kiasi kinachotokana na jinsi miradi ya aina hiyo ilivyozidisha gharama huko nyuma. Maana yake wanaanza na kilichokwisha kujengwa, ndipo waje kwenye wanachotaka kujenga.

Nasi tunaweza. Mradi ukiisha, aliyekadiria akae na mtunza stoo, wapitie mstari kwa mstari: uliandika hiki, tumelipa hiki, kwa nini? Na kikao cha makadirio ya mwambao kimwite nahodha wa boti kabla karatasi haijapigwa muhuri.

Nimesikia kijiji kile sasa kinaombewa nyumba ya walimu. Nakala za hesabu zangu ninazo nyumbani, tangu ile zahanati. Anayekadiria nyumba hiyo aje azichukue.

Mtunza stoo,
Mwanga, Kigoma