Kwa Nini Hatufanyi Eko Bila Kipimo cha Umeme wa Moyo

Wiki iliyopita mteja mmoja alitoka kwenye kliniki yetu hapa Ganjoni, Mombasa, akiamini kwamba tumemtoza mara mbili kwa ugonjwa mmoja, kwa kuwa alifuata eko pekee, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, nasi tukasisitiza apimwe pia umeme wa moyo (ECG). Lalamiko hilo hutufikia kila mara na linatuuma, maana kipimo kinachokwepwa ndicho cha bei nafuu kati ya hivyo viwili.

Eko huonyesha kuwa misuli ya moyo imedhoofika. Mara nyingi haielezi sababu. Wapo watu wanaozaliwa na uzi wa ziada wa misuli unaounganisha vyumba vya juu na vya chini vya moyo, hali iliyoelezwa na Wolff, Parkinson na White mwaka 1930. Umeme ukipita njia hiyo ya mkato, upande mmoja wa moyo hujikaza kabla ya mwingine, na kwa baadhi yao, hasa watoto, mvutano huo huuchosha moyo hata kama haujawahi kwenda mbio.

Mwaka juzi mama mmoja wa Likoni alimleta mwanawe wa miaka 12, aliyekuwa akipumzika mara mbili kabla ya kumaliza mwinuko wa feri. Kwa miezi minane alikuwa amemnunulia dawa za kutoa maji kwa cheti kile kile cha zamani, na fedha hizo zingelipia vipimo vyote zikabaki. Kwenye eko, chumba cha chini cha kushoto kilisukuma asilimia 32 tu ya damu yake kwa kila pigo, ilhali kawaida ni zaidi ya 50. Kwenye karatasi ya umeme wa moyo, nafasi kati ya umeme kuanza vyumba vya juu na kufika vya chini, inayopaswa kufika angalau visanduku vidogo vitatu, ilikuwa viwili, na mstari uliotakiwa kupanda wima ulianza kwa mwinamo, dalili za njia ile ya mkato. Tulimfuta kifua, tukabandika upya vipokea umeme na kurudia, kwa sababu hatuandiki rufaa kwa karatasi yenye mtikisiko. Madaktari wa Nairobi walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja wakaiunguza njia ile kwa joto. Miezi sita baadaye eko ilisoma asilimia 54.

Si kila moyo uliopanuka una njia hiyo, wala hatuahidi matokeo kama hayo kwa kila mtu. Lakini mwenye nayo, mapigo yake yakivurugika, anaweza kuhatarishwa na digoksini au verapamili, dawa za kupunguza mbio za moyo.

Mwenye karatasi ya umeme wa moyo iliyopimwa kwingine ndani ya mwezi mmoja, inayosomeka na yenye mistari ya pande zote 12 ambazo moyo hupimwa, hatumtozi tena kipimo hicho.