Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: fedha za madarasa na vijiji visivyo na boma

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mwalimu mstaafu na mkazi wa Masasi, kuhusu mazoea ya kuzitanguliza shule ambazo wananchi wamekwisha kupandisha boma, yaani kuta za madarasa zisizoezekwa, hadi lenta, ndipo fedha za Serikali zije kuezeka na kupiga lipu. Mazoea haya yana sifa zake, kwani yanaamsha nguvu za wananchi. Lakini yana ndugu yake wa zamani, ambaye ningependa umfahamu.

Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitangaza sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika, na mwaka 1927 Tanganyika ikawa na sheria yake ya elimu, ambayo chini yake shule za misheni zilipewa ruzuku kwa masharti. Shule ilitakiwa ikubali kukaguliwa, ifuate muhtasari wa Serikali na iwe na mwalimu mwenye cheti. Huku kwetu, vituo vikubwa kama Chidya ya UMCA, misheni ya Kianglikana, na Ndanda ya Wabenediktini viliyamudu masharti hayo. Shule ndogo za vijijini, ambako katekista aliwafundisha watoto herufi chini ya mwembe, hazikuyamudu. Na vyuo vya Kurani vya Lindi, Mikindani na Kilwa, ambavyo watoto walijifunza humo kusoma na kuandika kabla Mzungu hajafika, havikuhesabiwa kuwa shule. Hata hivyo, baba wa mtoto wa chini ya mwembe alidaiwa kodi kama alivyodaiwa jirani yake wa Ndanda. Fedha ilikwenda palipokuwa na kitu, na pasipokuwa na kitu pakaendelea kungoja.

Wala fedha hazikukosekana kila palipotakiwa kitu. Kuanzia mwaka 1947 Uingereza ilimwaga takriban pauni milioni 36 katika mradi wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Fungu lilikuwa jingine, najua, lakini mzee aliyeiona reli ikijengwa kutoka Mtwara huku mwanawe akiandika mchangani hakujali fungu.

Ninachoomba ni hiki: kabla ya bajeti ijayo, kila halmashauri ya mkoa wako ibandike hadharani, pamoja na orodha ya maboma ya kumalizia, orodha ya vijiji ambavyo havijaweza kujenga hata msingi, na vijiji hivyo vitengewe fungu lao la kuanzia, lisilodai mchango kwanza. Kijiji ambacho mikorosho yake imeshambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hakina cha kuchangia mwaka huo, na watoto wake wanafikia umri wa kuanza shule mwaka huohuo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu,
Masasi