Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Trekta Letu na Madigadi Zake

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana,

Mkutano uliopita ulitutuma turudishe shambani Massey Ferguson 135 yetu, ikiwa na madigadi zake zenyewe. Imerudi, na msimu huu imelima.

Injini ya Perkins, silinda 3, haikutusumbua. Ilitaka filta na nozeli tu. Kazi ilikuwa kwenye bati. Wengi tuliamini kutu ni shida ya watu wa pwani, siyo ya Kongwa kukavu hivi. Tulipofungua madigadi ya kushoto tukakuta udongo na vumbi la mbolea vimeshindiliwa pale inapofungwa kwenye ekseli. Udongo ule ulishika unyevu wa mvua, chumvi ya mbolea ikaongeza ukali, bati likaliwa kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Wazee mnaujua udongo wetu: ndio uliokula majembe ya plau za mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951.

Nati tuliziloweka dizeli siku tatu, zilizogoma tukazikata kwa grainda. Kisha fundi aligonga bati lote kwa nyundo ndogo. Palipo pazima hulia, palipooza hunyamaza.

Baadhi ya wajumbe walitaka tuzibe matundu kwa puti, kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Puti juu ya kutu huficha tu, kutu inaendelea kula chini yake. Tulikata mpaka kwenye chuma kizima, tukatia viraka vya bati la geji 16, tukachomelea nukta moja moja kwa kurukaruka ili joto lisilikunje bati. Ndipo msasa, praima ya zinki, na rangi nyekundu.

Kosa moja ni langu. Niliharakisha kupaka rangi mwezi wa Januari, asubuhi ya unyevu. Ya kulia ikafura malengelenge, tukaikwangua na kuanza upya.

Hesabu atasoma mweka hazina.

Naomba mkutano upitishe mawili: kila msimu ukiisha, dereva aoshe chini ya madigadi na kuzipaka oili kabla ya kuliegesha trekta, na mtoto yeyote asikalishwe juu ya madigadi, hata kwa safari ya kwenda kisimani.