Rangi ya roketi ya mfano ina uzito wake

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni juu ya makala yenu ya ukurasa wa vijana kuhusu roketi za mfano, yaani roketi ndogo zinazorushwa kweli angani na kushuka kwa mwavuli, makala ambayo ilieleza vizuri namna ya kukata mapezi na kukunja mwavuli, kisha ikalimaliza suala la rangi kwa sentensi moja tu, kwamba kila mtoto apake rangi aipendayo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na fundi wa kupuliza rangi za magari, na hapa Houston ninakoishi roketi hizi ndizo kazi yangu ya Jumamosi pamoja na mwanangu.

Mapezi hayo kwa kawaida hukatwa kwa mti wa balsa, ambao ni mwepesi na hufyonza rangi kama mkate unavyofyonza chai. Asiyeziba kwanza vinyweleo vyake na kupiga msasa atajikuta akiongeza tabaka juu ya tabaka, na uzito huo wote hukaa mkiani, kitovu cha uzito kikarudi nyuma. Kikikikaribia mno kitovu cha msukumo wa hewa, yaani mahali ambapo nguvu ya hewa hukusanyikia, roketi huyumba badala ya kupanda. Ndiyo maana napendelea brashi ya hewa, kifaa kidogo cha kupulizia rangi, yenye presha ya pauni 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba, na rangi iliyozimuliwa kwa thina hadi iwe nyepesi kama maziwa. Mkono uanze kusogea kabla rangi haijatoka, wala usisimame mpaka umepita ukingo wa roketi, la sivyo rangi itachuruzika.

Anayetengeneza mfano wa Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, kama ile iliyolazwa hapa katika kituo cha anga cha Johnson, ana kazi zaidi, kwa kuwa miraba yake myeusi iliwekwa ili kamera zionyeshe jinsi roketi inavyojizungusha ikipaa. Nyeupe hutangulia; ukishabandika utepe wa kukinga sehemu zitakazobaki nyeupe, puliza nyeupe tena kidogo kwenye kingo za utepe huo, ili kitakachopenya chini kiwe nyeupe, ndipo ifuate nyeusi. Siku za unyevu mwingi, ambazo hapa ni nyingi kama za Pwani, laka, ile rangi ya kukauka upesi, iacheni: thina ikikauka upesi hupoza rangi, umande ukatua juu yake, na weusi wote ukafifia kwa utando mweupe.

Mwaka jana mwanangu alipuliza rangi hadi kwenye shingo ya pua, ile sehemu inayoingia ndani ya bomba. Tuliisikia baruti ya kutolea mwavuli ikilia angani, lakini pua ilikuwa imegandamana, na tulipoichimbua roketi udongoni mwavuli ulikuwa bado umekunjwa kama tulivyouweka. Naomba makala ijayo iwaambie vijana waizungushie shingo hiyo utepe kabla ya tone la kwanza la praima, rangi ya msingi.

Msomaji wenu,
Houston, Texas