Kwa wajukuu zangu mnaoingia darasa la fasihi ya Marekani

Wajukuu zangu wapendwa,

Salamu nyingi. Shule zinakaribia kufunguliwa, na wengi wenu mliokuja huku Marekani na wazazi wenu kutoka Nyarugusu, Kakuma, Bukavu, Mombasa na Dar es Salaam mnaingia darasa la kumi na moja. Katika haiskuli nyingi za hapa, huo ndio mwaka wa fasihi ya Marekani. Mimi nilifundisha fasihi ya Kiswahili Tanzania mpaka nikastaafu, na tangu nihamie huku kwa wanangu, jioni huwa nakaa maktaba na vijana, tukipitia vitabu vyao na insha zilizorudishwa na walimu. Nimeona watoto wenye akili sana wakipata alama za chini, na mara nyingi Kiingereza chao hakina kosa kubwa. Hawajaambiwa tu kinachotakiwa.

Kule kwetu mtihani wa fasihi unataka hoja. Unapewa swali na riwaya mbili, unatoa hoja tatu kwa kila kitabu, na kila hoja ina mfano wake. Aliyeshika vizuri dhamira, wahusika na mandhari kama mwalimu alivyoziandika ubaoni anafaulu, na sioni aibu kusema kwamba mafunzo hayo yana faida, maana mnajua kutofautisha msimulizi na mwandishi, jambo linalowapa shida wenzenu wengi waliozaliwa hapa. Lakini huku mwalimu atakuuliza: wewe unaonaje? Ukishajibu, atauliza tena: umelitoa wapi hilo? Kazi ya mwaka mzima inazunguka maswali hayo mawili.

Juzi binti mmoja alinionyesha insha yake juu ya A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyochezwa Broadway mwaka 1959. Familia ya Younger imebanana kwenye nyumba ndogo Chicago, ikisubiri hundi ya bima ya dola 10,000 baada ya baba kufariki. Mama anataka nyumba yenye nafasi, Walter Lee anataka kufungua duka la pombe, na mdogo wake Beneatha anataka kusomea udaktari. Binti alikuwa ameandika: dhamira ya kitabu hiki ni umaskini na ndoto. Pembeni, mwalimu aliandika kwa wino wa kijani neno moja tu na alama ya kuuliza: Vipi?

Nikamwambia aweke insha pembeni anisimulie hadithi. Hapo ndipo alipochangamka. Alisema kilichomshangaza ni kwamba Mama, baada ya kulipa malipo ya kwanza ya nyumba, anamkabidhi Walter dola 6,500 zilizobaki, ingawa anajua wazi mwanawe anavyopenda kukurupuka. Anamwagiza aweke dola 3,000 benki kwa masomo ya Beneatha, nyingine azisimamie mwenyewe kama mkuu wa nyumba. Nikauliza, kwa nini afanye hivyo? Akafikiri, akasema: "Bibi, ameona kumnyima mwanawe usemi kunamuua. Bora apoteze pesa kuliko ampoteze yeye." Nikamwambia aandike sentensi hiyo hiyo juu kabisa ya ukurasa, kisha arudi kitabuni atafute mahali Mama anaposema maneno yanayoonyesha hivyo, na mahali Walter anapoonekana akianza kuvunjika kabla hajapewa pesa. Aliyapata yote mawili. Sentensi ile ndiyo dai la insha, na kurasa zile ndizo ushahidi. Insha yote inajengwa juu ya hapo.

Angalieni kilichotokea. Mawazo alikuwa nayo tangu mwanzo. Aliyafungia nje ya insha kwa kudhani hayana hadhi ya kuandikwa. Msifanye hivyo. Nyumba zetu nyingi zimeshawahi kugombania pesa ya mazishi, ya kiinua mgongo au ya kodi iliyorudishwa na serikali. Mnajua mama anavyonyamaza anapofanya uamuzi wa namna ile. Ujuzi huo unaruhusiwa kuingia darasani, ilimradi mkono wako mwingine umeshika kitabu na unaweza kutaja ukurasa.

Sasa niseme juu ya kuzungumza darasani, maana hapa nyumba zetu zina malezi yake. Mmefundishwa kwamba mtoto hambishii mwalimu wala hamkatizi mkubwa maneno. Malezi hayo ni mema na msiyatupe. Lakini katika darasa hili viti vitapangwa duara, mwalimu atauliza jambo kisha atanyamaza, akitarajia ninyi mzungumze ninyi kwa ninyi. Ushiriki huo una alama. Anayekaa kimya kwa heshima huhesabiwa kwamba hakusoma. Kumwambia mwalimu, "Mimi sikubaliani, kwa sababu ukurasa huu unasema hivi," hakumvunjii heshima, na walimu wengi watafurahi kwelikweli. Mwenye woga wa lafudhi afanye hivi: usiku kabla ya kipindi aandike sentensi mbili na namba ya ukurasa, kisha awe miongoni mwa watu watatu wa kwanza kunyoosha mkono. Ukisema mapema, kifua kinatulia na unaweza kuwasikiliza wengine.

Kusoma kwenyewe ni kwa kalamu mkononi. Mwalimu atawaagiza mwandike pembeni mwa maandishi: swali, mshangao, neno lililorudiwa, mahali mhusika anapogeuka. Kama kitabu ni cha shule, tumieni vikaratasi vya kubandika. Andikeni kwa Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda au lugha yoyote inayokuja haraka, kwa sababu maelezo hayo ni ya kuwasaidia ninyi kufikiri, na Kiingereza kitakuja wakati wa insha. Wala msisimame kwenye kila neno gumu. Maneno matatu au manne kwa ukurasa, yale yanayofunga njia ya maana, yanatosha kutafutwa.

Kuna mahali mtaachwa nyuma bila kosa lenu, nako ni historia. Mwalimu akisema Wapuriti, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali waliohamia Massachusetts kutoka Uingereza, wenzenu wamelisikia jina hilo tangu shule ya msingi. Mkifika kwenye The Crucible ya Arthur Miller, mtatakiwa kujua mambo ya nyakati mbili kwa pamoja: Salem, Massachusetts, mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na Marekani ya 1953 tamthilia hiyo ilipotoka, wakati wanasiasa wakiwasaka waliodaiwa kuwa wakomunisti na kuwashinikiza wawataje rafiki zao. Ombeni ukurasa mmoja au miwili ya historia kabla hamjaanza kitabu. Mkishaijua, mtaona mna kitu ambacho wenzenu hawana. Mimi nimeishi zama ambapo vikongwe wa Usukumani waliuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Anayejua habari hizo haisomi Salem kama ngano. Anajua jirani anavyoweza kutumia tuhuma kupata shamba, na anajua jinsi kijiji kizima kinavyonyamaza. Semeni hivyo darasani.

Mtakutana pia na vitabu vitakavyowaumiza. Adventures of Huckleberry Finn cha Mark Twain kina lile tusi la kuwadhalilisha watu weusi zaidi ya mara 200. Mwalimu mzuri huliongelea jambo hilo kabla ya ukurasa wa kwanza. Asipofanya hivyo, mwendeeni baada ya kipindi, mumweleze kwa adabu kwamba hamtaki kulisoma neno hilo kwa sauti, wala kulisikia likitamkwa ovyo na wenzenu. Mna haki kabisa ya kuomba hilo. Kisha someni kitabu, mwone Jim, mtumwa aliyetoroka, ni mtu wa namna gani, na Huck, mvulana wa Kizungu anayesimulia hadithi, anachelewa kiasi gani kuutambua utu wake. Mkikasirika, andikeni insha ya hasira yenye ushahidi. Nimesoma insha za namna hiyo, na ni katika zilizo bora.

Lakini ningepewa kuchagua kitabu kimoja tu kwa ajili yenu, ningechagua masimulizi ya maisha ya Frederick Douglass, yaliyotoka mwaka 1845. Alizaliwa mtumwa Maryland. Bibi mwenye nyumba kule Baltimore alianza kumfundisha herufi, mumewe akamkataza, akisema mtumwa akijua kusoma hatawaliki tena. Mtoto Douglass akaelewa hapo hapo kwamba kinachoogopwa namna hiyo ndicho anachokihitaji. Akawa anatoka na mkate mfukoni, anawapa watoto wa Kizungu maskini wa mtaani, nao wanamlipa kwa masomo. Kuandika alijifunzia kwenye karakana ya meli, akitazama herufi ambazo mafundi walichora juu ya mbao kuonyesha kila ubao unakwenda upande gani wa chombo. Baadaye akachukua madaftari ya zamani ya mtoto wa bwana wake, akaandika kwenye nafasi zilizobaki wazi kati ya mistari. Someni sura ya sita na ya saba polepole. Fasihi ya nchi hii imejengwa pia na watu waliokatazwa kuisoma, kwa hiyo asiwepo wa kuwaambia kwamba ninyi ni wageni ndani yake.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi sana kuhusu kunakili. Muhtasari wa intaneti unaweza kukusaidia kufuata matukio, basi. Ukiiambia programu ya akili mnemba ikuandikie insha, umempa mtu mwingine nafasi yako ya kusema, na hapa adhabu ni sifuri pamoja na barua nyumbani, wakati mwingine zaidi. Ukichukua sentensi ya kitabu weka alama za kunukuu na ukurasa. Ukichukua wazo la mtu, mtaje. Mengine ni ya utaratibu: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, jina lako juu kushoto, orodha ya vitabu mwishoni. Fuateni karatasi ya mwalimu bila ubishi, na insha itakapochelewa kwa sababu ya kumlea mdogo wako au zamu ya kazi, andika barua pepe kabla ya tarehe ya mwisho, si baada yake.

Jambo la mwisho linahusu wazazi. Wiki ya kwanza mtaletewa karatasi ya masharti ya darasa ili mzazi aweke sahihi. Msiiweke ninyi. Kaeni nao jioni, muwasomee kwa Kiswahili: vitabu vipi vitasomwa, insha ngapi, alama zinagawanywaje. Muwaambie pia kwamba shule ina wajibu kisheria kuwasaidia wanafunzi ambao bado wanajifunza Kiingereza. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoanzia kwa watoto wa Kichina San Francisco. Siku ya wazazi kukutana na walimu, baba na mama wanastahili mkalimani bila malipo, na si kazi yenu kutafsiri habari za alama zenu wenyewe. Mkalimani aombwe mapema, wiki mbili kabla kama inawezekana, kwa sababu wa Kiswahili ni wachache na wilaya moja huwagawa kwa shule nyingi.

Ni mimi bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Louisville, Kentucky