Barua kwa Mwanangu: Miezi Yangu ya Kusini

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na baba yako naye hajambo isipokuwa mgongo, ambao ndio uliomzuia kufuatana nami katika safari ninayotaka kukusimulia. Tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza inakuwaje mtu astaafu akiwa na afya yake, kisha badala ya kukata tiketi ya Berlin aje kumwona mwanawe, apande basi la Kilwa. Nilikujibu kwa mzaha, kwa kuwa simu haifai kwa majibu marefu. Jibu lenyewe ndilo hili.

Unajua kwamba nilisomesha historia maisha yangu yote ya kazi. Kila mwaka darasani tulifika Kilwa, tukafika kwenye Vita vya Majimaji, tukasonga mbele kwa kuwa mtihani ulikuwa unakaribia. Wanafunzi wangu waliweza kuutaja usingizini mwaka 1331, ambao Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alitia nanga Kilwa, ilhali mwalimu wao alikuwa hajauvuka hata Mto Rufiji. Kwa watu wa rika langu Kusini kulikuwa mahali pa kupangiwa kazi mtu aliyekosa bahati. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, magari yalisubiri kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa barua ya kutoka Lindi ilifika Dar es Salaam habari zake zikiwa zimekwisha kupitwa na wakati. Kutokana na ugumu huo wa njia watu wakajenga imani kwamba huko hakuna kitu. Imani hiyo ndiyo niliyokwenda kuipima.

Nilifuatana na mama yako mdogo, ambaye historia haimshughulishi hata kidogo, lakini hapitwi na chungu kilichoko jikoni. Mgawanyo huo ulitufaa sana. Mimi nilibeba vitabu vichache: sehemu ya safari za Ibn Battuta inayohusu pwani yetu, tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Yeye alibeba kikapu kitupu, ambacho hakikukaa kitupu.

Kilwa Kisiwani unafika kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, baada ya kupata kibali. Nilikuwa nimezoea kuuchora Msikiti Mkuu ubaoni kwa mistari michache ya chaki, kwa hiyo sikuwa tayari kwa ukubwa wake: nguzo na matao yanayofuatana ndani ya kivuli, kuba zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, na sehemu ya kale zaidi ya karne ya 11 ikiwa imeungana na ile iliyoongezwa baadaye mji ulipotajirika. Utajiri huo ulitokana na dhahabu ya Sofala, iliyopitia mikononi mwa masultani wa Kilwa kabla ya kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Juu ya mwamba unaotazama bahari kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane ambalo hadi leo linamfanya mtu ajiulize maji yalipandishwaje hadi pale. Sarafu za shaba zenye jina la sultani huyo zilifika mbali: moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. Mji ambao fedha zake zilisafiri hivyo hauwezi kuitwa wa pembeni, na kwa kweli haukuwa hivyo hadi Wareno walipoupora mwaka 1505.

Nilikaa kivulini nikamsoma Ibn Battuta palepale. Anasema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, kisha anasema imejengwa kwa mbao. Mbao! Nami mbele yangu naona mawe matupu. Wataalamu wana maelezo yao, lakini mimi nimejiridhisha kwamba aliisimulia safari yake kwa mwandishi huko Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwamba huenda nyumba za watu wa kawaida, ambazo hazikubakisha ukuta wowote wa kutuonyesha, ndizo zilizokuwa nyingi machoni pake. Ninampenda zaidi kwa sababu hiyo.

Kuna kisa chake ambacho nilikuwa nikikipita haraka darasani. Ijumaa moja Sultani al-Hasan huyohuyo alikuwa akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemeni akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyolishukuru tendo hilo, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ndiyo sababu aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Katika vitabu vyetu vya shule kisa hiki kimewekwa kuonyesha ukarimu. Nilipokisoma nikiwa pale, kando ya kuta zile, sikuweza tena kuufikiria ukarimu. Niliwafikiria wale ishirini, ambao hakuna aliyeandika walikotoka wala fakiri aliwapeleka wapi. Jioni yake nikaifungua Peponi, ambayo inaanza na kijana Yusuf kukabidhiwa kwa mfanyabiashara awe rehani ya deni la baba yake, nikaona kwamba mwandishi yule wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alikuwa amewapa majina watu wa aina ile ambao msafiri wa Moroko aliwahesabu tu. Isome, hata kama umekwisha kuisoma kwa Kiingereza.

Mama yako mdogo alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza kama huyo Mwarabu aliandika chochote kuhusu chakula. Nikamsomea anavyoeleza karamu ya Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sinia kubwa la mbao, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Akasema karamu hiyo ameila katika harusi ya jirani yetu mwaka jana. Hakukosea sana. Siku ileile mwenyeji wetu kisiwani alitupikia changu wa chukuchuku, akatia ndimu, chumvi na pilipili tu, na wali wa nazi, nami sijala samaki bora kuliko yule katika hoteli yoyote.

Kutoka hapo tulikwenda Kilwa Kivinje, ambako majumba ya zamani yanabomoka moja baada ya jingine, na ambako bado unaonyeshwa mahali pa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wao, mwaka 1895. Nyuma ya mji huo ndiko viliko vilima vya Umatumbi. Huko Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, wakulima waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo la vita. Kinjeketile wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa walioamini yatawakinga na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga. Tamthilia ya Ebrahim Hussein niliifundisha pia, kwa kumsaidia mwalimu wa fasihi aliyekuwa na likizo ya uzazi, na wanafunzi daima waliuliza swali moja: kwa nini Kinjeketile, hata akiwa mikononi mwa adui, anakataa kutamka kwamba maji yale yalikuwa uongo? Niliwajibu kwa maneno ya kitabu. Baada ya kuviona vilima vile, na vijiji vilivyotengana kwa mwendo wa saa nyingi wa miguu, na kufikiria Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine walivyokubali kitu kimoja bila simu wala gazeti, nadhani ningewajibu kwamba alijua maji yale yalikuwa yamekwisha kufanya kazi ambayo risasi haiwezi kuitengua. Mwandishi huyo, kwa taarifa yako, alipata shahada yake ya udaktari huko uliko, Chuo Kikuu cha Humboldt, mwaka 1975.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Lindi ni mji mpole wenye ghuba nzuri na joto lisilo na huruma. Mikindani tuliiona boma ya Wajerumani ya mwaka 1895. Mtwara tulikaa zaidi, kwa sababu ya ming'oko. Hiyo ni mizizi myembamba inayochimbwa porini, ikachemshwa na maganda yake, ikaliwa kwa chumvi na pilipili. Inauzwa barabarani nyakati za jioni, na vijana wanaimenya huku wakipiga soga. Mama mmoja muuzaji, tuliyemzoea hata akawa anatutunzia minene, alituambia kwamba bibi yake hakuila kwa starehe. Wajerumani walipochoma mashamba na maghala ili kuimaliza vita, watu waliingia porini kutafuta mizizi. Waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kuwa kati ya elfu 75 na laki tatu, na wengi wao waliuawa na njaa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama yako mdogo kuniuliza swali la historia, naye aliendelea kuuliza mpaka usiku.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na ukingoni mwake kuna Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na kuporomoka, ukaona bonde hadi Mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Tulibahatika kualikwa kwenye sherehe ya vijana waliotoka jando. Lipiko alipotokea, amevaa kinyago cha mti mwepesi na nguo iliyomfunika mwili mzima, watoto walikimbia wakipiga mayowe ya kweli, na wanawake wakamwimbia huku wakimtania kana kwamba wanamjua, jambo ambalo kwa mujibu wa mila hawapaswi kulikiri. Nimeviona vinyago vya Kimakonde vikiuzwa Mwenge tangu ujana wangu. Kikiwa dukani kinyago kimenyamazishwa. Sikujua kwamba kinatakiwa kuchezeshwa shingo kwa kasi ile, na ngoma ikikijibu.

Njiani kurudi tulipita Nachingwea, ambako Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga kuanzia mwaka 1947, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kusafirisha karanga ambazo hazikupatikana. Mpango ulikufa mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hebu fikiri: sehemu ya nchi iliyokuwa na reli, kisha ikawa haina, halafu watu wa Dar es Salaam wakasema huko ni nyuma. Nao tangu mwaka 2004 wanawashia taa kwa gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa. Taa uliyosomea kidato cha sita ilikuwa na mkono wa Kusini ndani yake.

Sasa nije kwenye ombi langu, maana lipo. Kaskazini magharibi mwa Lindi kuna kilima kinachoitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria waliokufa takriban miaka milioni 150 iliyopita. Waliochimba ni mamia ya wenyeji, na waliobeba mizigo hiyo, kama tani 250, ni wapagazi waliotembea kwa miguu mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, katika nchi ambayo njaa ya Majimaji ilikuwa haijasahaulika. Mkubwa wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, amesimamishwa katika Makumbusho ya Sayansi Asilia hapo Berlin. Mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Nenda siku moja usipokuwa na masomo, upite chini ya shingo ya mnyama huyo, kisha usome maandishi yote yaliyobandikwa, hata yale madogo ya pembeni, uniandikie kama Boheti ametajwa, na wapagazi wamesemwaje. Usinitumie picha tu. Nataka maneno, uyatafsiri mwenyewe.

Kuhusu korosho: nimenunua Newala zilizobanguliwa kwa mkono, na nimempa kijana wa jirani anayekuja huko mwezi ujao kwa masomo. Atakupigia akifika. Gawana na wenzako, lakini ule mfuko mdogo uliofungwa kwa uzi mwekundu ni wako peke yako, kwa sababu mama yako mdogo amezikaanga mwenyewe na atakuuliza.

Ni mimi mama yako.